Rejeta Niliyomtengenezea Wafula

Nilikuwa nimeapa kwamba kwenye matanga ya Wafula ningekaa kimya, ninywe chai yangu, nimpe mjane wake mkono wa pole, kisha nirudi zangu kazini. Nyumba yao iko Kabiro, ndani ya ploti ya mabati yenye ua mwembamba, na asubuhi hiyo ua ulikuwa umejaa viti vya plastiki na jamaa waliotoka kwao magharibi kuja kuuchukua mwili. Kaka zake wawili walikuwa wameagiza mayai ya kuchemsha kwa kijana wa mkokoteni pale nje, wanayamenya na kuyachovya kwenye chumvi, na Nekesa, mjane, alikuwa amesimama mbele yao na birika mkononi akiwatazama kana kwamba hajawahi kuona mtu akila. Chai ikapoa kwenye birika, hakumimina. Nilidhani ni uchungu tu, nikamwacha. Kisha Bonfesi akasimama. Bonfesi ndiye fundi wa injini aliyefanya kazi na Wafula tangu ujana wao, na kwa kuwa ana sauti na hana aibu, kila mkutano wa watu wetu yeye ndiye hujipa kazi ya kuongea. “Nyinyi vijana hamkumjua Wafula,” alisema. “Huyu jamaa alijenga gari na mikono yake, hapo Kibera! Gari mzima! Injini ya Pijo, ikinguruma mabati zote zinatetemeka. Hiyo gari ingefika mbali, wacha niwaambie. Lakini sasa rejeta...” Akanigeukia, akaninyooshea kidole huku akitabasamu. “Rejeta ilikuwa ya huyu mama hapa. Ikatutapikia maji pale stage ya 56, mbele ya dunia yote!” Watu wakacheka, cheko lile la matanga ambalo watu hulingoja kwa sababu wamechoka kulia. Hata kaka za marehemu wakacheka, na mayai mdomoni.

Nimeisikia hadithi hiyo kwenye harusi, kwenye vikao vya chama, kwenye foleni ya maji. Kila inaposimuliwa rejeta yangu huvuja zaidi. Sasa nitaisimulia mimi. Nilizaliwa wapi, mama yangu alikuwa nani, nilifikaje Nairobi kutoka Kitui, hayo nayaruka, maana hayahusiani na maji wala moto. Naanzia mwaka niliotimiza miaka ishirini, nikiwa na chumba kimoja Kawangware chenye kitanda, ndoo, kamba ya nguo iliyovuka kutoka ukuta hadi ukuta, na stovu ya presha ya shaba ambayo nilikuwa nikiisugua kwa majivu hadi ninaona uso wangu ndani yake. Chumba hicho kilikuwa kidogo, ukifungua mlango unagonga kitanda, lakini stovu ile ilinifanya nijione mtu mwenye nyumba. Nilipika juu yake githeri ya jana, nilichemsha maji ya kuoga, na mvua ikinyesha nilikaa karibu nayo nikasikiliza inavyovuma. Kila asubuhi nilitembea hadi Kibera, nikapitia Ngong Road, kwenda kwenye banda la Wafula, ambako nilikuwa na kona yangu: jiko la makaa, vyuma viwili vya kulehemu, chupa ya asidi, na nusu pipa la maji la kupimia. Nilikuwa fundi wa rejeta, lile sanduku la vijibomba linalopoza maji ya injini. Aliyenifundisha alikuwa amezeeka akarudi kwao, akaniachia vifaa na wateja, na nusu ya wateja hao wakanikimbia walipoona ni msichana.

Wafula alikuwa mrefu, mpole wa sauti, mwenye mikono ya kuweza kukunja bati bila nyundo. Kazi yake ya kumlisha ilikuwa milango na madirisha. Kazi ya moyo wake ilikuwa lile gari. Ukutani alikuwa amebandika kwa uji wa ugali ukurasa wa gazeti la rangi, picha ya gari la huko ng’ambo lisilo na boneti, magurudumu ya nyuma makubwa, ya mbele madogo, injini iko nje inang’aa mchana kweupe. “Hii ndio nataka,” alikuwa akisema, “watu waone kila kitu, hakuna kuficha.” Nikikumbuka maneno hayo leo nataka kupiga kitu. Alipata chesisi ya pikapu iliyoungua, akakata mapipa na mabati mazito, akatengeneza mwili mfupi na pua nyembamba iliyoinama mbele, pua nzuri, sikatai, kila aliyepita njiani alisimama kuitazama. Injini ilitafutwa na Bonfesi. Ilikuwa ya Pijo ya zamani, ile ya kabureta, imelala nyuma ya posho mill, mashine ya kusaga unga, pale Makina kwa miaka, na kuku wa mwenye mashine walikuwa wamezoea kutagia juu yake. Bonfesi aliifungua yote, akaiosha kwa petroli, akabadilisha alichoweza, na siku alipoiwasha chini, imefungwa kwenye magogo, ilinguruma kweli. Hapo hadanganyi. Injini aliijua.

Shida ilianza siku ya kuiweka ndani. Walisimamisha nguzo tatu za mkaratusi, wakafunga mnyororo, wakaiinua injini, wakaishusha taratibu huku kila mtu akitoa amri. Iliketi vizuri kwenye mipira yake. Lakini feni ikawa imekaribia kugusa pua, na rejeta haikuwa na pa kukaa. Wafula alikuwa ameipimia pua yake ile picha ya ukutani, hakuipimia injini. Nikamwambia, “Wafula, hapa rejeta haitoshi.” “Itatosha. Si upunguze rejeta?” “Rejeta si suruali ati nipunguze kiuno. Maji yakiwa kidogo, injini inachemka. Rudisha injini nyuma, ama ukate hiyo pua.” Bonfesi akacheka. “Huyu dame ako na mdomo! Kata pua ya nani? Umeona kazi ya hiyo pua?” Tulibishana hadi chakula kikapoa. Mwishowe walikata ukuta wa nyuma ya injini, wakairudisha kidogo, na mimi nikabaki na nafasi ya upana wa ubao wa kukatia mboga ya sukuma. Nilichukua kifua cha rejeta ya lori, nikakikata, nikakipanga kiwe chembamba kwa mbele na kinene kwa ndani, vijibomba vimesongamana, kila kimoja nimekilehemu kwa mkono. Vijibomba hivyo vilikuwa vyembamba kuliko vya rejeta ya kawaida, na niliwaambia wote wawili, tena mara nyingi: “Hii inataka maji safi peke yake. Msiweke kitu kingine.” Wafula aliitikia kwa kichwa. Naona kichwa chake kikiitikia hadi leo.

Bado kulikuwa na jambo lingine. Pua imeinama, kwa hivyo rejeta ilikuwa chini kuliko kichwa cha injini, na maji hayapandi yenyewe. Ilibidi kuwe na tangi dogo juu kabisa, mahali pa kujazia, ili hewa isibaki ndani. Tangi la bati lingeshika kutu. Nilitafuta shaba kila mahali, kwa watu wa skrepu, kwa mafundi wenzangu, sikupata kipande cha kunifaa. Nikaenda nyumbani, nikaitazama stovu yangu. Nikaikata. Niliziba tundu la pampu, nikalehemu mdomo wa kifuniko na miguu miwili, na ilipokaa juu ya ile injini iling’aa kuliko kitu chochote kwenye gari lile. Wafula alisimama akaitazama, akanishika bega. “Mwikali, umeniua,” alisema, na macho yake yalikuwa yamelowa. Nilikuwa na furaha kama mjinga. Tangu siku hiyo sikuwa na pa kupikia, nikawa nakula kwa Mama Awino, ambaye kibanda chake cha chakula kilikuwa kimeegemezwa kwenye banda letu, ukuta mmoja wa mabati katikati. Ugali, sukuma, omena siku nyingine. Ukikaa upande wa kibanda unasikia kila neno la bandani. Wote tulijua hivyo, ila mtu mwenye njaa na wasiwasi husahau.

Na wasiwasi ulikuwepo, wa pande zote. Wafula alikuwa ametangaza Kibera nzima kwamba gari lake litatoka hapo hadi stage ya Kawangware 56 bila kusukumwa. Mimi nilikuwa na wangu. Mwenye gereji moja kubwa alikuwa amekuja kuona lile gari, akainama juu ya rejeta, akaigonga kwa kucha, akauliza nani kaifanya. Nikasema ni mimi. Hakucheka. Aliniuliza maswali ya kazi, nikamjibu, kisha akasema, “Mimi nitakuwa hapo 56 siku hiyo. Nikiona imefika bila kuchemka, Jumatatu uje na ovaroli yako. Niko na rejeta za malori zinaningoja.” Mnaelewa maana yake? Msichana wa miaka ishirini, mwaka ule, anaambiwa aje na ovaroli yake. Hakusema nije kufagia wala kupika chai. Nilirudi nyumbani natembea lakini miguu siioni. Siku iliyotangulia safari niliitoa rejeta, nikaziba matundu, nikaizamisha kwenye nusu pipa na kuipiga pampu ya baiskeli, na sote watatu tukainama kuangalia maji. Hakukutoka hata povu moja. Nikairudisha, na Bonfesi akasema ataunga paipu mwenyewe kwa kuwa zinashika injini, na injini ni yake.

Asubuhi ya safari Wafula ndiye aliyenituma niondoke. “Enda 56 ukae na huyo mzee wa gereji, asihepe. Sisi tunakuja.” Nikaenda. Nilivaa ovaroli niliyoifua na kuipiga pasi ya makaa kwa jirani, nikasimama kando ya mwenye gereji mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulilisikia gari kabla ya kuliona. Watoto walitangulia wakikimbia, wanawake wa sokoni wakavuta nyanya zao nyuma, kisha likatokea, na Mungu wangu, lilikuwa zuri. Halafu nikaona mvuke. Mwanzo kidogo, kama wa sufuria, halafu kifuniko cha tangi langu kikaruka na maji yakapaa juu, na Wafula akatoka kwenye kiti akijikinga uso. Injini ilijikohoza, ikagonga, ikafa. Bonfesi alipochomoa kijiti cha oili, oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Kichwa cha injini kilikuwa kimepinda. Watu walicheka, wakapiga mbinja. Mwenye gereji akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Sasa hiyo ni nini?” Wafula alitazama chini. Bonfesi akajibu, “Rejeta, mzee. Si unajua nani aliifanya.” Yule mzee alinitazama kwa huruma, na huruma ile niliichukia kuliko kicheko cha soko zima. “Pole, msichana,” akasema. “Rudi ujifunze tena.” Akaenda zake.

Nilingoja chuma kipoe. Nikainama juu ya tangi langu la stovu, na harufu ikanipiga kabla sijaona kitu. Yai la kuchemsha. Ndani ya shaba yangu kulikuwa na vipande vyeupe vimeshikana kama uji ulioungua, na nilipotumbukiza waya kwenye mdomo wa rejeta ukatoka na vingine. Madereva wengi hufanya hivyo gari likivuja njiani: unavunja yai ndani ya maji, likiiva linaziba tundu, unafika nyumbani. Kwenye rejeta ya basi yenye vijibomba vinene, labda. Kwenye yangu liliziba kila kitu. “Nani ametia mayai humu?” nikauliza. Nilipiga kelele, watu wakageuka. Bonfesi akasema, “Mayai gani? Wee msichana, usitafute kisingizio!” Wafula alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa. Aliifuta, akaifuta, kidole kwa kidole, hadi nikaondoka.

Siku iliyofuata nilikuwa kwa Mama Awino, tonge mkononi, nilipowasikia upande wa pili wa mabati. “Si ungekaza tu hiyo klipu ya paipu ya chini,” Wafula alisema. “Nilisahau, bana,” Bonfesi akajibu. “Na wewe nani alikutuma kuvunja mayai? Paipu ilikuwa inatona tu.” “Niliogopa. Watu walikuwa washajaa hapo nje. Na basi ya kwetu niliona dereva akifanya hivyo, tukafika.” Nilimwona Mama Awino akiacha kusonga ugali, amenitazama. “Sasa tutamwambia huyo msichana?” Bonfesi akauliza. Na Wafula, yule mpole, aliyenishika bega akiwa na machozi, akasema, “Wacha tu ikuwe rejeta. Yeye ni msichana, ataolewa. Mimi hii jina yangu ndio inanilisha.”

Nilizunguka ule ukuta na tonge langu likiwa bado mkononi. Nikawaambia waseme vile vile mbele ya mwenye gereji, twende sasa hivi, sote watatu. Bonfesi akatoka nje akijifanya anaitwa. Wafula akasogeza kigoda kwa mguu, akasema, “Mwikali, kaa ule.” Kaa ule! Huko ndiko kuombwa radhi pekee nilikowahi kupata kwa mtu yule. Nilikwenda gereji peke yangu, mlinzi akaniambia kazi imeshapata mtu. Niliwaeleza watu habari ya mayai, wakaniona nalilia makosa yangu. Wateja waliobaki wakaenda kwingine, maana nani atampelekea rejeta yake msichana aliyeua injini ya Pijo mbele ya soko? Gari likakatwa, likauzwa skrepu, na stovu yangu ikiwa juu yake. Nilifua nguo za watu Lavington hadi vidole vikapasuka, miaka mingi, kabla ya kushika tena chuma cha kulehemu. Leo nina banda langu hapo 56, na kazi haikatiki, lakini miaka ile ilikuwa yangu na hakuna wa kunirudishia. Wafula alihamia Kabiro baadaye, tukawa majirani. Nikikutana naye aliniambia “Niaje, fundi,” akiangalia viatu vyangu, akavuka barabara.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kifuani mwangu Bonfesi alipokuwa akichekesha watu kwa rejeta yangu. Nilishainuka kuondoka. Nekesa akanishika mkono, akanivuta ndani, nyuma ya pazia linalogawa chumba, kati ya kitanda na masanduku ya watoto. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya taa na nguo zilizokunjwa. Alikaa kitandani, birika bado mkononi. “Mama Mutua,” alisema, kwa jina la mwanangu, “wewe ulijuana na Baba Brenda kabla yangu. Kwao kuna mwiko ya mayai?” Nikamwambia mimi ni Mkamba, mambo ya kwao nitayajulia wapi. “Tangu anioe, yai haijawahi kuingia hii nyumba,” akasema. “Aliniambia ni mwiko ya ukoo wao, mtu akikula anaharibikiwa. Watoto wakipewa kwa watu wanarudisha. Mtu hajawahi kunyanyua mkono kwa watoto wake, lakini siku moja alimchapa Brenda juu ya kipande ya yai, halafu akakaa hapo mlangoni akilia. Nikasema, basi ni mwiko kubwa. Na leo kaka zake wamekula sinia mzima. Nimewauliza. Wamenicheka. Ati, mwiko gani?”

Kama kuna aliyefikiri kwamba nililainika, amekosea. Damu ilinipanda hadi masikioni. Kwa hiyo alijua kosa lake. Kila siku ya maisha yake alijua, aliamka nalo, alikaa nalo mezani, aliwanyima watoto wake yai na kumpiga binti yake, akamzulia mkewe mwiko na ukoo wake uongo, yote hayo, na kutoka mlango huu hadi banda langu ni mwendo wa kupoa chai. Angekuja tu. Angesimama mlangoni aseme, “Mwikali, ni mimi.” Alichagua kujinyima mayai, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na njaa ya mayai. Nilimweleza Nekesa yote, gari, pua, stovu, klipu, ukuta wa Mama Awino, kila neno nililolisikia. Sikulia. Yeye pia hakulia. Aliuliza swali moja tu: “Na Boni hapo nje alijua?” Nikasema, “Boni ndiye aliyeacha klipu bila kukaza.”

Aliweka birika sakafuni, akajifunga leso upya, akatoka. Nikamfuata. Bonfesi alikuwa bado amesimama katikati ya ua, anawasimulia waliofika baadaye, mikono yake ikionyesha vile maji yalivyopaa. Nekesa alivuta kiti kimoja cha plastiki, akakiweka mbele yake. “Boni,” alisema. “Simulia tena hiyo hadithi ya gari.” “Shemeji, si tumeisikia?” “Kaa hapo, uisimulie tena. Na sasa uanze na mayai.” Bonfesi alicheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye. Kaka mmoja wa marehemu aliacha kumenya yai alilokuwa ameshika. Bonfesi akanitafuta kwa macho, kama mtu anayetaka nimpe mkono avuke mtaro. Nikachukua kiti changu, nikakaa mahali ambapo angeniona vizuri, nikangoja aanze.